Nilizungushia duara kila "kama" nikapata 4 kati ya 20

Niliwahi kupata 4 kati ya 20 kwenye swali la ushairi, na msidhani sikusoma, nilisoma mpaka mafuta ya taa yakaisha. Ilikuwa moku ya kidato cha nne, shule moja ya kata huku Dodoma vijijini, na mi nilikuwa nimekariri orodha yote ya tamathali za semi kama mtu anavyokariri namba ya simu. Tashibiha, kulinganisha kwa kutumia kama, mithili ya, mfano wa. Sitiari, kulinganisha bila hivyo viunganishi. Tashihisi, kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu. Mubaalagha, kutia chumvi. Tafsida, kupunguza ukali wa maneno. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia zote na mifano ya daftari juu.

Basi pepa ikaja na shairi la mkulima, nikashika kalamu ya risasi nikaanza kuwinda. Mbinu yangu ilikuwa rahisi tu, pita mstari kwa mstari, ukiona "kama" zungushia duara, andika tashibiha pembeni, songa mbele. Nikapata tano. Tano! Nikatoka chumba cha mtihani najiona nimemaliza kazi, washkaji wananiuliza shairi vipi nawaambia lile lilikuwa mteremko.

Kumbe katika zile tano, tashibiha ilikuwa moja. Sehemu moja shairi lilikuwa linasema kama mvua haiji tutakula nini, hiyo "kama" ni "ikiwa", haifananishi kitu chochote. Nyingine ilikuwa watu kama mia, hapo anakadiria. Nyingine fanya kama ulivyoagizwa. Na ile ya nne ndo iliniuma zaidi kwa sababu kweli ililinganisha, kijana alikuwa mrefu kama kaka yake, sasa nikamfuata mwalimu nikabishana nae, akaniambia kitu kifupi tu akaondoka zake, "hapo ungechukua futikamba ukapima, ni taarifa hiyo". Sikumwelewa siku ile. Nilimwona ananibania maksi tu.

Ilichukua muda kuelewa kwamba tashibiha inataka vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja, ndo maana vikikutana kuna kitu kinashtuka kichwani. Kijana na kaka yake ni jamii moja. Kijana akiwa mrefu kama mnazi, hapo sawa, maana mtu na mnazi hawajawahi kupimwa na futikamba moja. Ile methali ya mbuyu ulianza kama mchicha, hiyo ni tashibiha na nusu, kwa sababu umeshika mti ambao watu sita hawauzungushi mikono ukauweka karibu na mboga ya shilingi mia tano, na ile tofauti yenyewe ndo inafanya kazi yote.

Baada ya mtihani wa taifa nikaenda kukaa kwa bibi, maeneo ya Mvumi, nasubiri matokeo. Nilienda kwa wiki mbili nikakaa mpaka uwele umeanza kukomaa nikapewa kazi ya kufukuza ndege shambani. Bibi yangu ananiita "mume wangu", wenye bibi zao mnajua, na mi toka mdogo nimeitwa hivyo wala sijawahi kujiuliza hiyo ni nini. Ni lugha ya picha bana! Nimeishi ndani yake miaka yote halafu nikaenda kuitafuta kwenye daftari.

Siku moja amepita jirani yetu mmoja, mtu mzima, ana ng'ombe wengi, ana nyumba ya bati, anasalimia "mbukwenyi" kwa sauti ya kujaza boma zima. Alipopita bibi akasema, "Yule ni mbuyu yule." Mi na usomi wangu nikadakia, "Ana nguvu eeh bibi?" Akanitazama kama ananihurumia. "Nguvu gani. Wewe ushawahi kupumzika chini ya mbuyu saa saba mchana, mwezi wa tisa?"

Nikanyamaza. Mnaoijua Dodoma mnajua, mwezi wa tisa mbuyu umesimama mtupu hauna hata jani, mnene ile mbaya lakini kivuli chake ni kama cha nguzo ya umeme. Bibi alikuwa anasema yule mzee ni mkubwa ila hajawahi kumfaa mtu. Mi nilichukua unene nikaubeba, bibi alikuwa amechukua ukosefu wa kivuli.

Hapo ndo sitiari iliniingia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kusema "huyu ni mbuyu" ni sitiari haitoshi hata kidogo, hiyo hata mtoto anaona. Swali ni sifa ipi ya mbuyu imehamishiwa kwa mtu, kwa sababu mbuyu una sifa nyingi, una unene, una umri, una maji kwenye shina, una ubuyu watoto wanaupenda, una kukosa kivuli nusu mwaka, na wengine wanaogopa kupita chini yake usiku. Mshairi anachagua moja au mbili na maneno ya jirani ndo yanakuambia ni ipi. Na mtu wa pwani ambaye mbuyu wake unahusiana na mashetani atasoma kitu kingine kabisa mstari uleule, kwa hiyo inabidi pia uulize aliyeandika alikuwa amesimama wapi.

Matokeo yalikuja, Kiswahili nikapata C. Bibi akauliza C ndo nini, nikamwambia ya katikati bibi, akasema "haya, si umekula?" Hiyo nayo sijui niiite tafsida.

Nirudi kwenye sauti maana huko ndo nilichelewa zaidi. Shuleni sauti tulifundishwa kama hesabu. Vina na mizani, basi. Hesabu silabi, kama ni 8 na 8 andika "lina mizani 16 kila mshororo", angalia silabi ya katikati na ya mwisho, andika "vina vya kati ni zi, vya mwisho ni na", umemaliza, chukua maksi zako. Na hata hapo nilikuwa nakosea kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa macho. Mbuzi ni mizani 2, mtoto ni mizani 3, nyote mnaona m hapo mbele ya mbuzi na m mbele ya mtoto ila moja inategemea b na nyingine inasimama na miguu yake. Macho hayakwambii. Mdomo unakwambia. Piga makofi useme m-to-to, halafu mbu-zi, utasikia.

Kule kijijini nilikuwa naenda kuangalia muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo, wanabana ngoma katikati ya mapaja wanapiga huku wanaimba. Kigogo changu cha kuombea maji tu, nusu ya maneno yalikuwa yananipita, lakini kuna sehemu mwili unasisimka kabla hujajua wamesema nini, sauti moja inaitikiwa na nyingine, neno linavutwa linakuwa refu kuliko lilivyo, kibwagizo kinarudi na kila kikirudi kimebeba kitu kipya juu yake. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapahapa Dodoma aliyefariki 2003, alipeleka ilimba na zeze, ala zetu za muziki, mpaka Ulaya na watu walikaa kimya kumsikiliza bila kujua Kigogo hata neno moja. Sasa mi nilikuwa nasoma shairi kimyakimya, kwa macho, kama nasoma tangazo la kazi, halafu nashangaa silisikii!

Na kingine cha kuchekesha, nilikaa Ihumwa siku kadhaa kwa ndugu bila kujua kwamba Mathias Mnyampala ni mtu wa huko. Yule ndo baba wa ngonjera, amezaliwa 1917 akafariki 1969, Mgogo aliyeandika mashairi ya Kiswahili mpaka watu wa mwambao wakamkubali. Ngonjera wote tumeimba shule ya msingi, mistari miwili ya watoto, huyu hajui huyu anajua, wanabishana wee mwisho yule asiyejua anakubali. Mi nilikuwa upande wa wajinga, sijui nani alipanga. Lakini angalia, ile ngonjera naikumbuka mpaka leo beti zote na sikuwa naelewa nusu ya maneno yake. Kilichoibeba ni vina. Mstari ukipotea, kina kinakuvuta mkono kinakuleta kwenye neno lake.

Sasa hivi niko mjini, Nkuhungu, nafundisha tuisheni jioni kwenye sebule ya shangazi, wanafunzi saba wa kidato cha tatu na cha nne, mia tano kwa siku wakikumbuka. Nilipoanza nikafanya kosa lilelile nililofanyiwa, nikawaandikia orodha ubaoni. Wakakariri. Nikawapa shairi, wakarudi na maduara. Nilipoona yale maduara nilicheka mpaka shangazi akatoka jikoni.

Basi usiku umeme umekatika, nje upepo wa kiangazi, mnaujua ule unaoingiza vumbi hadi kwenye sufuria yenye mfuniko, nikaamua nitunge kitu changu kwa sababu mashairi ya vitabuni washayakariri pamoja na majibu yake. Nikatoa ubeti huu, msinicheke:

Upepo wa kiangazi, wapita ukinong'ona,
Wagonga bila ajizi, na mgeni sijamwona,
Vumbi latupa mavazi, nguo tusizozishona,
Mawingu yana machozi, ila kulia hapana.

Kesho yake nikawaambia hamna kuandika chochote, fungeni madaftari, mmoja asome kwa sauti mara tatu, wengine mnasikiliza. Walinuna kwanza. Halafu dogo mmoja akasema "ticha hapo kwenye nong'ona mdomo unafanya kama unanong'ona kweli". Tukarudia wote, nong'ona, nong'ona, ile ng' inakaa puani inavuma kidogo halafu inapotea. Neno lenyewe linafanya kinachosemwa! Hiyo ni tanakali sauti iliyojificha ndani ya kitenzi, sio ile ya wazi ya kuanguka pu au kuvunjika kacha. Wakaanza kutafuta zingine mtaani, mchakamchaka wa asubuhi shuleni ule mdundo wa miguu, pikipiki, tingatinga, binti mmoja akasema mlenda wa bibi yake ukimwagika unasema fyaa. Darasa likaharibika dakika kumi, nikawaacha.

Mmoja akauliza swali zuri mpaka leo nalitumia, "sasa mweupe pe, hiyo pe ni sauti ya nini, weupe una sauti?" Hauna. Wala kimya jii, kimya kingekuwa na sauti kisingekuwa kimya. Cheusi tii pia. Hizi haziigi kilichosikika, zinampa msikilizaji kipimo, zinakwambia weupe umefika mwisho wa weupe. Vitabu vingi vinaziweka kapu moja na zile za pu na kacha, mi naona ni sawa kwa mtihani lakini ujue moyoni kwamba hazifanyi kazi moja.

Halafu likaja la takriri, yaani kurudiarudia sauti au neno kwa makusudi, na hapa nitakaa kidogo maana naona wengi linawapoteza, hasa waliosoma mambo haya kwenye kipindi cha Kiingereza kwanza. Kule ukikuta maneno matatu mfululizo yanaanza na herufi moja ujue mtu kakusudia. Ukileta hilo jicho kwenye Kiswahili umeumia. "Watoto wadogo wawili wamekuja", wa wa wa wa, wanafunzi wangu wakapiga kelele takriri! Takriri gani, hiyo ni sarufi, hata ukimwambia askari wa barabarani atasema hivyohivyo, lugha yenyewe inakupa bure. "Kikombe changu kikubwa kimepotea" sio shairi, ni malalamiko.

Kwa hiyo nikawapa kipimo. Badilisha neno uweke lenzake lenye maana ileile, kisha sikiliza kimepotea nini. Kwenye watoto wadogo wawili, badilisha uweke vijana, bado itakuwa wadogo wawili wamekuja, wa haziondoki kwa sababu hazikuletwa na mtunzi. Lakini chukua "vumbi latupa mavazi", ondoa mavazi weka magwanda. Maana imebaki palepale. Kilichokufa ni vitu viwili, kina cha zi, na ile v ya vumbi iliyokuwa inaitikiwa na v ya mavazi. Kumbe neno lilichaguliwa. Hapo sasa ndo una kitu cha kuandika kwenye karatasi, na ndo unaweza kueleza kwa nini, maana ukisema v na v peke yake msahihishaji atakuuliza so what, kwa Kiswahili chake.

Vina hivyohivyo. Vitenzi vyetu karibu vyote vinaishia na a, kwa hiyo kama kina kingekuwa ni irabu tu kila mtu angekuwa malenga. Ndo maana tunadai silabi nzima, na kwa na, zi kwa zi. Wenzetu wa Kiingereza wana shida tofauti, "love" na "move" kwa macho ni mapacha, kwa sikio hawajuani kabisa, ndo mana ukipewa shairi la Kiingereza usithubutu kutaja vina kabla hujalitamka.

Dogo mwingine akaona "wapita" akasema ticha umekosea, inatakiwa "unapita". Nikamwambia hesabu. U-na-pi-ta ni 4, wa-pi-ta ni 3, na nilibakiwa na nafasi 3 tu. Umbo la zamani limeniokolea mizani moja, washairi wanafanya hivyo kila siku, wanakata au wanarefusha neno kadiri kipimo kinavyotaka, na ukiona neno limekaa kizamani kwenye shairi kabla hujasema ni upambaji jaribu kwanza kuhesabu, inawezekana ni shida ya nafasi tu.

Kwenye "latupa" walinipiga bao. Mi nilimaanisha vumbi linatupatia mavazi, linatuvika lenyewe. Kijana mmoja mkimya, wa Bahi, anakuja kwa baiskeli, akasema yeye kaelewa vumbi linatupa nguo, linazirusha kutoka kwenye kamba, mama yake kafua asubuhi zimetupwa kwa jirani. Nikamwambia hapana. Akasema "ila ticha neno si ndo hilohilo". Na kweli ni hilohilo, kutupa sisi na kutupa kitu, silabi zilezile, na kwa upepo wa Dodoma zote mbili zimetokea siku hiyohiyo. Nilimwekea kosa kwenye daftari, usiku nikaona aibu, kesho yake nikafuta nikaweka vema. Usicheze na mtu ambaye nguo zake zimetupwa kweli.

Mstari wa mwisho ulileta ubishi wa nusu saa. Wengine machozi ni sitiari, yanasimama badala ya mvua. Wengine ni tashihisi, mawingu yamepewa macho ya mtu. Wote wako sahihi bana, mstari mmoja unaweza kubeba vitu viwili, na mwenye kueleza ndo anapata maksi, mwenye kutaja jina tu anapata nusu. Wakaniuliza vipi "jua limezama" nayo tashihisi? Nikawaambia hiyo ilikuwa picha zamani, sasa hivi imelala, kama mguu wa meza na mdomo wa chupa, hakuna anayeona mguu tena. Isipokuwa mshairi akija akaivalisha ile meza viatu. Hapo mguu unaamka, na hapo ndo unaandika.

Jumapili nikampigia bibi, nikamsomea ule ubeti kwenye simu, taratibu, nikamwambia bibi nimetunga. Akasema rudia. Nikarudia. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Hayo mawingu ni wewe," akasema.

"Mimi tena bibi? Ni mvua hiyo, nimesema mvua haijanyesha."

"Toka Pasaka unasema nakuja bibi, nakuja bibi. Machozi unayo, kulia hapana." Halafu akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Mume wangu, karanga zako zimeliwa na panya."

Nimeshaulizia kosta ya Jumamosi ya kwenda Mvumi. Wanafunzi nimewaambia hakuna kipindi.